Kaburi la Liyongo na Kaburi la Kimathi: Dhana ya Shujaa katika Tendi za Kale na katika Historia ya Kenya

Utangulizi

Neno shujaa limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, ambako hubeba maana ya mtu jasiri. Ni dhahiri hata hivyo kwamba ujasiri peke yake hautoshelezi matumizi ya neno hili katika fasihi yetu wala katika siasa zetu. Jambazi anayeivamia benki mchana kweupe ni jasiri, lakini hakuna amwitaye shujaa. Kinyume chake, mama mkongwe asiyewahi kushika upinde wala bunduki amewahi kuitwa shujaa na kizazi kizima. Magazeti yetu huwaita mashujaa wanariadha, wanasiasa, askari na wahisani bila kubagua. Timu ya taifa ya raga ya wachezaji saba kila upande imepewa jina lilo hilo. Neno linapobebeshwa mizigo yote hii, mhakiki hana budi kuuliza limebakiwa na maana gani.

Makala haya yanadhamiria kulijibu swali hilo kwa njia ya historia. Tutaanza kwa kutazama jinsi tendi chache za kale zinavyomsawiri shujaa, kisha tutauchunguza kwa kina utendi wa Fumo Liyongo, na hatimaye tutalinganisha matokeo ya uchunguzi huo na jinsi Kenya ilivyowatendea baadhi ya watu wake walioipigania. Dai letu ni kwamba shujaa haundwi na nguvu zake, wala na ushindi wake, wala na cheo anachotunukiwa. Huundwa na hukumu ya jamii iliyokuwa na madai juu yake, na ambayo huendelea kukumbuka alivyolipa na alivyoshindwa kulipa. Tutaonyesha pia kwamba katika tendi zilizo bora hukumu hiyo haimwangukii shujaa peke yake. Huiangukia jamii yenyewe, hasa pale ilipokuwa na mkono katika kifo chake.

Kuhusu istilahi na mipaka ya makala

Kabla ya kuendelea yafaa kuondoa utata wa istilahi. Kwa asili, utendi na utenzi ni neno moja katika matamshi mawili: la kwanza ni la lahaja za kaskazini na la pili ni la kusini. Baadhi ya wahakiki wamelitumia neno utenzi kwa maana ya umbo la ushairi, yaani ubeti wa vipande vinne vyenye mizani minane kila kimoja, na kuliacha neno utendi kwa masimulizi marefu ya matendo ya shujaa, yawe ya kughaniwa au ya kuandikwa. Sisi tutaufuata mgawo huo. Kwa mujibu wake, wosia wa Mwana Kupona kwa bintiye ni utenzi ambao si utendi, ilhali masimulizi ya Sundiata wa Mali ni utendi ijapokuwa hayana umbo la utenzi.

Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alitilia shaka kuwepo kwa tendi barani humu. Isidore Okpewho alimjibu kwa kitabu kizima mwaka 1979, naye M. M. Mulokozi akaonyesha kwa utafiti wake wa tendi za Wahaya, zinazoghaniwa kwa zeze la nanga, kwamba Afrika Mashariki pia ina utanzu huu. Mjadala huo tunauchukulia kuwa umekwisha. Jambo moja tu la kukumbukwa ni kwamba kigezo kilichotumiwa hapo awali kuukana utanzu huu kilitokana na tendi za Kigiriki jinsi zilivyofikiriwa na wasomi wa Ulaya, si jinsi zilivyo. Tukizisoma tendi za Kigiriki zenyewe, tutaona kwamba mashujaa wake wako karibu na wetu zaidi kuliko tulivyofundishwa.

Nguvu kama tatizo

Mara nyingi wanafunzi huanza uchambuzi wa shujaa kwa kuorodhesha sifa: amezaliwa kwa njia isiyo ya kawaida, ana nguvu zipitazo za binadamu, ana siri ya kifo chake, husalitiwa na mtu wa karibu. Orodha hii ni sahihi, lakini haielezi chochote. Zimwi nalo huwa na nguvu zipitazo za binadamu, na nalo huwa na siri ya kifo chake. Tofauti kati ya shujaa na zimwi haipatikani katika nguvu. Hupatikana katika jinsi jamii inavyozidai nguvu hizo.

Utendi wa Gilgamesh, uliohifadhiwa kwa mwandiko wa kabari juu ya vigae vya udongo na kuanza kufahamika upya kwa ulimwengu baada ya George Smith kuusoma sehemu yake mwaka 1872, unaanza na malalamiko. Gilgamesh ni mfalme wa Uruk na hana wa kumkabili. Kwa sababu hiyo hiyo wenyeji wa Uruk hawana raha. Hawaachii wazee vijana wao wala maharusi wake zao. Miungu inapokisikia kilio cha watu, humuumba Enkidu ili awe mwenzi wa kumkabili. Yaani utendi mkongwe kuliko karibu zote tulizo nazo unamtambulisha shujaa wake kama mzigo kwa watu wake. Safari yake ya kutafuta uzima wa milele baada ya kifo cha Enkidu inaishia mikono mitupu, kwani nyoka anaila mimea aliyoipata kwa taabu. Anachorejea nacho ni kuuonyesha ukuta wa mji. Aliyekuwa mzigo kwa mji anaishia kujitambulisha kwa kitu kinachoulinda mji huo.

Katika Iliad ya Homer hali ni ya kutatanisha zaidi. Achilles anasusia vita kwa kuwa heshima yake imeguswa, na hasira hiyo inawagharimu wenzake maisha, akiwemo rafiki yake mpendwa Patroclus. Anapoingia vitani tena, anamuua Hector na kuuburura mwili wake. Lau utendi ungekoma hapo, tungekuwa na habari za mwuaji hodari. Haukomi hapo. Unakoma baada ya mzee Priam kuja usiku kwenye hema la adui kumwomba mwili wa mwanawe, na Achilles kumrudishia, na watu wa Troy kumzika Hector. Neno la mwisho ni la maziko ya aliyeshindwa. Ni vigumu kudai, mbele ya ushahidi huu, kwamba utendi wa Kigiriki ni wimbo wa ushindi.

Huku kwetu Afrika, masimulizi ya Sundiata Keita, yaliyochapishwa na D. T. Niane mwaka 1960 kutokana na simulizi za fanani Mamoudou Kouyaté, yanamwonyesha shujaa aliyekuwa kiwete hadi umri wa miaka saba. Kinachomwinua si tamaa ya ufalme. Mama yake, Sogolon, ametukanwa na mke mwenza kwa ajili ya majani ya mbuyu aliyokwenda kuomba, naye mtoto anasimama kwa kuegemea mhimili wa chuma, aende akang'oe mbuyu mzima na kuuleta mlangoni kwa mama yake. Ushindi wa Kirina dhidi ya Soumaoro, ambao kwa kawaida hukadiriwa kuwa ulitokea mwaka 1235, unakuja baadaye sana. Nguvu za Sundiata zinaanza kuwa za kishujaa siku ile zinapolipa aibu ya mama.

Utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Kongo Mashariki unaliweka jambo hili wazi kuliko zote. Fanani Candi Rureke aliusimulia mwaka 1956, nao Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakauchapisha mwaka 1969. Mwindo anazaliwa akitembea na kusema. Baba yake, Shemwindo, aliyekuwa amepiga marufuku kuzaliwa kwa mwana wa kiume, anamfungia ndani ya ngoma na kuitupa mtoni. Mwindo anaokoka, anamwandama baba yake hadi kuzimu, na anamshinda. Hata hivyo hamwui. Anagawana naye utawala. Baadaye anamuua Kirimu, dubwana la msituni lililokuwa na udugu na radi. Kwa kosa hilo radi inamchukua juu angani, ambako anateseka kwa baridi, mvua na jua, na kufundishwa kwamba hana ruhusa ya kujigamba wala kuua atakavyo. Anarudi duniani akiwa mtawala anayewapa watu wake sheria. Kwa fanani wa Kinyanga, ushindi juu ya dubwana si kilele cha utendi. Ni kosa ambalo shujaa lazima alijutie ndipo afae kutawala.

Mifano hii minne imetoka mbali na mbali, nasi hatudai kwamba ina chimbuko moja. Tunachodai ni kwamba katika kila mmoja nguvu huletwa kama tatizo, na ushujaa ni jina la jinsi tatizo hilo lilivyotatuliwa mbele ya watu.

Liyongo na watu wa Pate

Fumo Liyongo ndiye shujaa mashuhuri kuliko wote katika fasihi ya Waswahili. Wanahistoria hawajaafikiana kuhusu wakati aliokuwa hai, na tofauti za makadirio yao ni za karne kadhaa. Masimulizi na mashairi yanayonasibishwa naye yalikuwa yakizunguka kwa mdomo na kwa hati muda mrefu kabla Edward Steere hajachapisha baadhi yake mwaka 1870. Mwaka 1913 mshairi na mwandishi wa hati wa Lamu, Muhammad bin Abubakar Kijumwa, aliyatungia utenzi, na hilo ndilo toleo ambalo wengi wetu tumelisoma.

Kiini cha mkasa chafahamika. Mtawala wa Pate anamwogopa Liyongo kwa nguvu zake na kwa kupendwa kwake. Anawakodi watu wamuue. Wanaunda hila ya kula kikoa cha makoma, ambapo kila mmoja hupanda mkoma kwa zamu kuwaangushia wenzake matunda. Zamu ya Liyongo ikifika, watampiga mishale akiwa juu. Liyongo anang'amua, na badala ya kupanda anayaangua makoma kwa mishale yake. Anatiwa gerezani. Kutoka humo, kwa maneno ya fumbo anayompa kijakazi Saada, anamwagiza mama yake aoke mkate na kuficha tupa ndani yake. Anaomba kabla ya kuuawa achezewe gungu, na katika kishindo cha matoazi na pembe anaikata minyororo na kutoka. Mwishowe mtawala anamtumia mwana wa Liyongo mwenyewe. Kijana anamwuliza baba yake kinachoweza kumuua. Liyongo, ingawa anahisi kwamba mwanawe ametumwa, anamwambia: ni sindano ya shaba ikidungwa kitovuni. Kijana anafanya hivyo baba akiwa usingizini.

Wahakiki wengi wamesimama hapa kulizungumzia suala la usaliti wa mwana, na wamelizungumzia vizuri. Sisi tungependa kuelekeza macho kwenye tukio linalofuata. Liyongo aliyejeruhiwa anachukua upinde wake, anakwenda kisimani, anapiga goti na kuuvuta upinde. Anafia katika hali hiyo. Watu wa mji wanakuja kuteka maji, wanamwona, na wanakimbia. Siku zinapita na mji hauna maji. Hakuna anayethubutu kusogea. Wanamwendea mama yake aje ambembeleze, naye anakuja, na hata yeye hajui kwamba anamsihi maiti. Ukweli unafahamika mwili unapoanguka.

Tukio hili lina maana gani? Kwanza, mtunzi angeweza kumwacha shujaa afie kitandani alipodungwa. Amemtoa na kumpeleka mahali ambapo mji wote hauna budi kupita. Kisima ni mali ya umma. Hakuna nyumba isiyotuma mtu kisimani. Kwa hiyo kifo ambacho mtawala alikipanga kwa siri kinageuka kuwa jambo la kila mtu, na kila mtu anakionja kwa kiu yake. Pili, tusisahau ni akina nani waliokuwa chini ya mkoma. Walikuwa watu wa mji huo huo, waliokubali kula pamoja na mtu waliyekusudia kumuua. Kikoa ni desturi ya usawa na ujirani. Wao waliigeuza mtego. Kiu ya kisimani ni malipo ya kikoa kile.

Tatu, kuna swali la nani anamwogopa nani. Kwa muda wote wa utendi mtawala amewaaminisha watu kwamba Liyongo ni hatari kwao. Kisimani hofu hiyo inafikia ukomo wake: mji mzima unatishwa na mtu aliyekwisha kufa. Utendi unamwuliza msikilizaji kama hatari hiyo ilikuwepo tangu mwanzo, au kama ilikuwa hofu ya mtu mmoja iliyoambukizwa wengi. Usaliti nao haukumletea kijana neema aliyoahidiwa.

Kwa ufasiri huu, utendi wa Liyongo hauishii kuwa sifa za jitu la kale. Ni ungamo la jamii. Watu wa pwani wameisimulia habari hii kwa karne nyingi, na ndani ya habari hiyo wao si watazamaji wasio na hatia. Hapo ndipo tunapoipata nguvu ya utendi huu: umemfanya shujaa mtu ambaye kwa kumkumbuka jamii inalazimika kujikumbuka.

Patakuwepo na pingamizi hapa. Huenda msomaji akauliza kama kweli ni jamii iliyohukumu, au ni fanani na wafadhili wao. Ukoo wa Kouyaté ulikuwa wa mafanani wa watawala wa Keita; hauwezi kusemwa kuwa haukupendelea upande. Kijumwa naye aliandika katika Lamu iliyokuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, na nakala za kazi zake zilifika mikononi mwa wasomi wa Ulaya kama Alice Werner. Pingamizi hili ni la haki, na linatuonya tusiifanye jamii kuwa kitu kimoja kisicho na matabaka. Hata hivyo halibomoi hoja yetu. Fanani wa ikulu angeweza kumsifu mfalme kadiri apendavyo, lakini hadhira ndiyo iliyoamua sifa zipi zidumu. Masimulizi ya Liyongo yangekuwa kazi ya watawala, tungetarajia mtawala wa Pate awe na la kujitetea. Hana.

Kimathi: mahakama, jukwaa na sanamu

Tukigeukia historia ya karibu, mtu anayefanana zaidi na Liyongo katika kumbukumbu ya Wakenya ni Dedan Kimathi. Ufanano wenyewe si wa bure: msitu, vizuizi, hila za kukwepa kukamatwa, na Waafrika wenzake waliotumiwa kumwinda. Alipigwa risasi na kukamatwa mwezi wa Oktoba 1956 na askari wa kikabila. Kesi yake ilisikizwa Nyeri mwezi wa Novemba, mbele ya Jaji Mkuu aliyeketi pamoja na wazee Waafrika waliokuwa washauri wa mahakama. Shtaka kuu lilikuwa la kupatikana na bastola wakati wa hali ya hatari. Hakushtakiwa kwa kudai ardhi wala kwa kuongoza vita. Sheria ya mkoloni ilimpunguza akatoshea ndani ya kosa la kubeba silaha. Alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963 mtu angedhani kwamba hukumu hiyo ingebatilishwa mara moja. Haikuwa hivyo. Marufuku iliyowekewa Mau Mau mwaka 1950 haikuondolewa mpaka mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Katika kipindi hicho kirefu, kazi ya kumhukumu Kimathi upya ilibakia mikononi mwa nyimbo, masimulizi ya familia na wanafasihi. Kenneth Watene alichapisha tamthilia yake mwaka 1974 akimsawiri Kimathi kama kiongozi anayesumbuliwa na shaka na anayewatendea wenzake kwa ukatili. Mwaka 1976 Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo wakachapisha tamthilia yao, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata kwa jina la Mzalendo Kimathi. Humo mahakama imegeuzwa: anayeshtakiwa ni ukoloni na wanaoshirikiana nao, naye Kimathi anakataa kila kishawishi kinacholetwa kizuizini kwake.

Kwa kawaida tamthilia hizi mbili husomwa kama mahasimu, na wanafunzi hutakiwa kuchagua upande. Kwa mtazamo wa tendi za kale, chaguo hilo si la lazima. Watene ameyaona madoa, lakini katika kuyaona ameyaacha makosa ya shujaa yafunike madai ya watu waliomfuata. Ngũgĩ na Mũgo wamerejesha madai hayo kwa nguvu kubwa, na kwa kufanya hivyo wameusogeza upungufu wa Kimathi pembeni. Fanani wa Mwindo angeshangazwa na kazi zote mbili. Yeye alijua kumpeleka shujaa angani akaadhibiwe bila kumwondolea ushujaa, kwa kuwa adhabu ile ilikuwa ya watu wake, si ya adui zake. Tunahitaji kazi itakayomhukumu Kimathi kutoka ndani: kazi itakayotaja waliouawa msituni kwa amri zake, migogoro yake na viongozi wengine kama Stanley Mathenge, na ambayo haitaikopa lugha ya mahakama ya Nyeri kufanya hivyo.

Dola nayo hatimaye imekuja. Mnamo tarehe 18 Februari 2007 sanamu ya Kimathi ilizinduliwa katika barabara iliyo na jina lake jijini Nairobi. Katiba ya 2010 iliigeuza Sikukuu ya Kenyatta ya tarehe 20 Oktoba, siku ambayo hali ya hatari ilitangazwa mwaka 1952, ikawa Sikukuu ya Mashujaa. Sheria ya 2014 iliweka Baraza la Mashujaa wa Kitaifa na utaratibu wa kuwatambua wanaostahili. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso ya wakati wa hali ya hatari na kukubali kulipa fidia kwa wadai 5,228. Ikagharamia pia mnara wa kumbukumbu uliozinduliwa jijini Nairobi mwaka 2015.

Hatusemi kwamba mambo haya ni mabaya. Waliodhulumiwa walistahili fidia, na mtoto wa shule anastahili kuliona jina la Kimathi hadharani. Lakini mhakiki hana budi kuzingatia ni nani sasa anayetamka neno shujaa. Katika utendi wa Liyongo mtawala ndiye aliyetuma sindano. Katika historia yetu dola, iliyorithi magereza ya mkoloni pamoja na funguo zake, ndiyo inayotoa orodha ya mashujaa, na mnara mmoja umelipiwa na nchi iliyojenga vitanzi. Orodha ya namna hiyo ina jina la shujaa na tarehe yake. Haina kikoa, haina kijana aliyetumwa, haina kisima. Inamheshimu aliyekufa bila kuwauliza waliobaki walikuwa wapi.

Ulinganifu mmoja unatosha. Wasomi hawana hakika na karne aliyoishi Liyongo, lakini wenyeji wa eneo la Kipini, kwenye mlango wa mto Tana, wanaonyesha mahali wanapoamini kuwa alizikwa. Kwa Kimathi tuna siku ya kunyongwa na jina la gereza. Hata kumbukumbu za kesi yake, zilizodhaniwa kwa muda mrefu kuwa zimepotea, zilichapishwa mwaka 2017 chini ya uhariri wa Julie MacArthur. Tunalolikosa ni kaburi. Mjane wake, Mukami Kimathi, aliomba kwa miaka mingi apewe mabaki ya mumewe ayazike, na alifariki mwezi wa Mei 2023 bila kukabidhiwa. Homer aliona kwamba utendi hauwezi kufungwa kabla ya Hector kuzikwa, na aliyemrudisha Hector alikuwa adui. Utendi wa Kimathi, kwa kigezo hicho, haujafungwa.

Akina mama wa 1992

Hadi hapa tumezungumzia wanaume, na tendi zenyewe zimechangia upungufu huo. Hata hivyo, tukizisoma kwa makini tunaona kwamba kila mara shujaa anapofikia ukomo wa nguvu zake, mwanamke ndiye anayeshikilia hatima yake. Mwindo ana shangazi yake Iyangura. Sundiata ana Sogolon. Liyongo ana mama aliyeoka mkate wenye tupa na Saada aliyeubeba kuwapita walinzi. Saada, kijakazi asiye na cheo chochote, ndiye aliyehatarisha uhai wake bila kuahidiwa lolote. Uhakiki wetu umempa nafasi ndogo mno.

Mwishoni mwa Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wengi wao wakiwa wakongwe kutoka mashambani, waliketi katika pembe ya bustani ya Uhuru jijini Nairobi na kuanza mgomo wa kula wakidai wana wao waachiliwe. Wangari Maathai alikuwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na gesi ya kutoa machozi. Maathai alipigwa hadi akazimia. Baadhi ya wale akina mama walivua nguo zao mbele ya askari, kitendo ambacho katika jamii nyingi za Kenya ni laana ya mzazi kwa mwana. Walipofukuzwa hapo walihamia katika kanisa kuu la All Saints lililo karibu, wakaendelea na madai yao kwa miezi mingi. Kufikia mapema mwaka 1993 wana wao wengi walikuwa wameachiliwa.

Hawa hawakuwa na nguvu zozote za kimwili za kuwafanya wastahili kuitwa mashujaa kwa ile orodha ya sifa tuliyoitaja. Walikuwa na dai. Tena walikwenda kulitoa mahali pa umma ambapo jiji zima hupita, kama Liyongo alivyokwenda kisimani, na wakaulazimisha umma kutazama. Laana yao iliwahukumu askari kama wana, si kama maadui, na hapo ndipo uzito wake ulipokuwa. Tofauti ni kwamba Liyongo alikuwa amekwisha kufa mji ulipomtambua, ilhali wao walidai hukumu wakiwa hai na wakaipata. Aidha, wengi wao hawajulikani kwa majina nje ya vijiji vyao. Ushujaa wao ni wa kundi, na utanzu wa utendi, uliozoea kumfuata mtu mmoja kutoka kuzaliwa hadi kufa, bado haujapata umbo la kuwasimulia.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba tendi za kale hazimpimi shujaa kwa nguvu wala kwa ushindi. Zinampima kwa madai ya watu juu yake, zinayaacha makosa yake yaonekane, na katika mifano iliyo bora zinaigeuza hukumu imwangukie msikilizaji. Kwa kigezo hicho maisha ya kisasa hayana upungufu wa mashujaa. Yana upungufu wa hadhira iliyo tayari kusikia sehemu ya utendi inayoihusu.

Mambo mawili yanafuata kwa wanaofundisha na kutafiti. Kwanza, ingefaa tamthilia ya Watene na Mzalendo Kimathi zifundishwe pamoja, tena sambamba na utendi wa Kijumwa, ili wanafunzi waone kwamba suala la madoa ya shujaa lilikwisha kujadiliwa katika lugha hii kabla ya kuwepo tamthilia hata moja ya Kenya. Pili, masimulizi ya waliokuwa katika bustani ya Uhuru mwaka 1992, wakiwemo majirani waliowaletea maji na askari waliotumwa kuwapiga, yanapaswa kukusanywa wakati wasimulizi wapo. Baraza la Mashujaa linaweza kuandika majina. Kazi ya kuuliza nani alikula kikoa na nani alibeba mkate ni ya fasihi, na hakuna sheria itakayoifanya kwa niaba yetu.